Dawa ya Askari Si Dawa ya Sungura

Sajini mmoja wa polisi, ambaye jina lake na kituo chake hatuna haja ya kuvitaja, alirejea kutoka lindoni alfajiri moja akamkuta mwanawe, mtoto wa miaka tisa, ameketi mlangoni na sungura wake mapajani. Mnyama huyo, jike mweupe mwenye masikio meusi, alikuwa akipiga chafya tangu siku iliyotangulia, na pua yake ilikuwa ikitoka kamasi nzito nyeupe. Sajini hakuwa mtu wa kupuuza machozi ya mtoto. Alikumbuka kwamba sandukuni mwake mlikuwa na kapsuli kadhaa za ampisilini, zilizosalia tangu alipotibiwa kidonda cha muundi. Akaifungua moja, akagawa unga wake mafungu manne, akachanganya fungu moja na maji ya sukari, akamnywesha sungura. Akafanya hivyo asubuhi na jioni.

Siku ya pili chafya zilipungua, na mtoto akashangilia. Siku ya tatu sungura hakugusa majani. Siku ya nne alianza kuhara maji yaliyochanganyika na kamasi, tumbo likamjaa, akajikunyata pembeni akisaga meno kwa maumivu. Usiku wa kuamkia siku ya tano akafa.

Mwandishi wa makala hii alifika nyumbani hapo baada ya juma moja kwa shughuli nyingine kabisa. Sajini akamweleza habari hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa ripoti ya kosa lake mwenyewe. "Bwana, nilimpa dawa ile ile iliyoniponya mimi, tena nilipunguza kipimo. Sasa mtoto ananiuliza kama ni mimi niliyemwua. Nimjibu nini?"

Jibu, ingawa ni chungu, ni kwamba yamkini kabisa sungura yule aliuawa na dawa, wala hakuuawa na mafua. Na kwa kuwa makosa ya namna hiyo hutendeka katika makambi mengi, tena hutendwa na watu wenye huruma na nia njema, inafaa tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Kila aliyepata kuishi katika kota za polisi au katika makambi ya jeshi hapa nchini anajua kwamba watoto wa askari hupenda kufuga sungura. Ng'ombe hana nafasi kambini, mbuzi huzusha ugomvi na majirani kwa kula mboga zao, na kuku huibwa. Sungura hapigi kelele, hutosheka na majani yanayokatwa kandokando ya uwanja wa gwaride, na askari anapohamishwa ghafla anaweza kubebwa ndani ya kikapu. Wengine hufuga kwa ajili ya kitoweo, lakini wengi wa watoto humfuga kama rafiki, wakampa jina, na ole wake mzazi atakayemtamkia kisu. Basi mnyama kama huyo anapougua, baba hutazamwa kama daktari, na baba hutazama kilichomo ndani ya sanduku lake.

Ili kuelewa kwa nini kapsuli ile iliua, hatuna budi kwanza kulifahamu tumbo la sungura. Ng'ombe husaga na kuchachusha majani yake katika matumbo ya mbele, ndipo chakula kipite kuelekea utumboni. Sungura amepangwa kinyume. Kiwanda chake kipo nyuma, pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, ndani ya mfuko uitwao sekamu, ambao ni mkubwa kuliko tumbo lake lenyewe. Humo huishi bakteria wasiohesabika, ambao si maadui zake bali ni watumishi wake. Wao ndio wanaovunjavunja majani magumu na kumtengenezea sungura vitamini na protini. Kazi yao ikikamilika, sungura hutoa kinyesi cha pekee, laini, kilichoshikana mithili ya kichala kidogo cha zabibu, naye hukiokota kwa mdomo moja kwa moja kutoka mkunduni na kukimeza. Jambo hilo hufanyika zaidi usiku na alfajiri, na askari wa zamu ya usiku huenda wameliona wakadhani mnyama ana wazimu au njaa. Asizuiliwe. Sungura akikosa kukila kinyesi hicho hudhoofika, hata kama majani yamejaa bandani.

Sasa, dawa za jamii ya penisilini haziulizi nani rafiki na nani adui. Zinapopita kinywani na kufika utumboni, huwaangamiza wale watumishi wema kwa wingi. Wanaosalia ni wachache wasioguswa na dawa hiyo, na miongoni mwao wamo bakteria wa ukoo wa Clostridium, ambao siku zote walikuwa wamebanwa wasipate pa kuenea. Ni kama kituo ambacho walinzi wote wameondolewa kwa usiku mmoja. Bakteria hao huzaana upesi na kutoa sumu, sumu hiyo huharibu kuta za utumbo na kuingia katika damu, na mnyama hufa baada ya siku chache, mara nyingine hata baada ya saa chache tangu kuhara kuanza. Wala kupunguza kipimo si kinga.

Dawa za kuogopwa namna hii, zikitolewa kwa kinywa, ni penisilini yenyewe, ampisilini, amoksilini, linkomaisini, klindamaisini na erithromaisini. Msomaji atatambua mara moja kwamba karibu zote ni dawa ambazo askari hupewa zahanatini kwa ajili ya vidonda, majipu, vifua na koo. Ndizo hasa zinazosalia sandukuni.

Ni ajabu ya historia kwamba dawa hiyo hiyo ina deni kubwa kwa askari, na askari wana deni kwake. Alexander Fleming aliigundua penisilini mjini London mwaka 1928. Ilipofika mwaka 1940, Howard Florey na Ernst Chain na wenzao wa Oxford wakaijaribu kwa panya na kuona kwamba inaokoa maisha. Ndugu zetu wa KAR walipokuwa wakipigana katika misitu ya Burma mwaka 1944, penisilini ilikuwa imekwisha kuanza kutumika katika hospitali za majeshi ya Washirika, na majeruhi ambao katika vita vya 1914 hadi 1918 wangekufa kwa vidonda kuoza, sasa walirudi makwao wakiwa hai. Lakini mnamo mwaka 1943 wachunguzi nchini Marekani walikuwa wamekwisha kuona kwamba dawa hiyo iliyovumiliwa vyema na panya iliwaua simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa majikoni katika baadhi ya sehemu zetu. Lau wana Oxford wangaliichagua simbilisi badala ya panya, huenda dawa hiyo ingalitupwa kapuni kama sumu. Sungura na simbilisi, kwa habari ya tumbo, ni ndugu wa shida moja.

Turudi kwenye ile chafya. Sungura wa sajini alikuwa na nini?

Katika sungura wanaofugwa, mafua yenye kamasi nyeupe aghalabu husababishwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida. Jina hilo limetokana na Louis Pasteur, yule bingwa wa Ufaransa, ambaye katika miaka ya 1880 alimchunguza bakteria huyo huyo kama chanzo cha kipindupindu cha kuku. Kuna kisa kimoja kumhusu ambacho wafugaji wa sungura wanapaswa kukijua. Sungura waliopelekwa Australia mwaka 1859 kwa ajili ya burudani ya kuwinda walizaana mpaka wakawa balaa la mashamba, na mwaka 1887 serikali ya New South Wales ikatangaza zawadi ya pauni 25,000 kwa yeyote atakayeleta njia ya kuwamaliza. Pasteur akapendekeza kuwaambukiza ugonjwa wa kuku. Alifanya majaribio huko Reims, nchini Ufaransa, katika mali ya mjane mwenye kiwanda cha mvinyo, ambako sungura walikufa baada ya kula majani yaliyotiwa bakteria. Mwaka 1888 akamtuma mpwa wake Adrien Loir hadi Sydney na chupa zake. Waaustralia walikataa, wakihofu kuku wao na kuona kwamba ugonjwa haukuenea vya kutosha kutoka kwa sungura mmoja hadi mwingine. Zawadi haikulipwa.

Kisa hicho kinatufunza tabia ya bakteria huyo. Akiingizwa kwa wingi huua upesi. Lakini katika maisha ya kawaida hukaa kimya. Sungura wengi wanaoonekana wazima humbeba puani miezi na miaka bila dalili yoyote, na ugonjwa hulipuka pale tu mnyama anapodhoofishwa na jambo jingine. Anaweza kuwa amesafirishwa kwa lori siku nzima, au amejifungua, au amewekwa mahali penye baridi ya ghafla, au, na hili ndilo kubwa kuliko yote, anapumua hewa iliyojaa harufu ya mkojo wake mwenyewe.

Hapo ndipo mwandishi anapotaka kukaa kidogo. Katika vituo vingi vya polisi wapo askari wanaoishi na jamaa zao katika vile vijumba vya mabati walivyovibandika wenyewe jina la "mama ingia pole". Usiku, kwa hofu ya wezi na mbwa, mtoto humwingiza sungura ndani na kumfunika kwenye boksi chini ya kitanda. Mkojo wa sungura ni mkali, na baada ya saa chache hutoa hewa ya amonia. Amonia ni nzito ya kutosha kumchoma mtu macho, lakini mnyama aliye chini, pua yake imo ndani ya chanzo chenyewe. Amonia huunguza utando wa ndani wa pua na koo, na vile vinyweleo vidogo ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu nje hupooza. Bakteria aliyekuwa amelala hupata mlango wazi. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama banda la sungura wake lina hewa nzuri, asisimame wima na kunusa. Apige magoti, aweke uso wake pale palipo na uso wa mnyama, avute pumzi mara tatu. Akikohoa, basi ameelewa.

Dalili ya kwanza ya mafua haya haionekani puani. Sungura ni mnyama msafi, naye hupangusa kamasi yake kwa mikono. Mgeuze basi utazame upande wa ndani wa miguu ya mbele. Manyoya yakiwa yamegandamana na kukauka kama yaliyopakwa uji, huyo ana mafua, hata kama pua imekauka kabisa saa ile unayomtazama. Wauzaji sokoni huijua siri hii, na baadhi yao huosha miguu asubuhi kabla ya kufika mnadani.

Ugonjwa ukiachwa, husafiri. Huenda machoni kupitia mfereji wa machozi, na jicho likatoka tongo na maji yasiyokoma. Huenda mapafuni, na sungura akapumua huku ameinua kichwa juu. Mara nyingine huingia ndani ya sikio, na hapo shingo hupinda upande mmoja mpaka mnyama anazunguka kama tiara iliyokatika uzi. Watu wengine husema amerogwa. Kupinda shingo kwaweza pia kuletwa na kijidudu kingine kisicho bakteria, kinachoshambulia ubongo na figo, na ni daktari wa mifugo tu awezaye kutofautisha. Aliyegundua mapema asimchinje mnyama wake kwa haraka, maana wapo wanaopona wakabaki na kichwa kilichoinama kidogo tu, wakala na kuzaa kama wengine.

Tiba ipo. Daktari wa mifugo anazo dawa ambazo sungura huzivumilia, kama vile enrofloksasini, au salfa iliyochanganywa na trimethoprimu, zinazotolewa kwa uzito wa mnyama na kwa siku nyingi mfululizo, mara nyingine majuma mawili na zaidi. Ni kweli kwamba hata dawa hizo hazimfagii bakteria puani mpaka asisalie hata mmoja, na mafua yanaweza kurudi. Ndiyo sababu banda bovu hushinda dawa nzuri. Askari aliye karibu na Kampala anaweza kuwafikia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, na walio mbali wanaye afisa wa mifugo wa wilaya. Wengi hudhani afisa huyo ni wa ng'ombe peke yake. Hata akitania kidogo kwa kuletewa sungura ndani ya kofia, atamtazama.

Majipu ni jambo jingine linalowadanganya askari, kwa kuwa kila mtu aliyepata jipu kambini anajua kwamba likiiva hupasuliwa, usaha hutoka, na mtu hupona. Usaha wa sungura hautiririki. Ni mzito kama siagi iliyoganda, umefungwa ndani ya mfuko mgumu, na ukipasua kwa wembe utakamua kidogo tu, kisha baada ya juma uvimbe hurudi mkubwa kuliko mwanzo. Daktari hulitoa jipu zima na mfuko wake, au huliacha wazi na kulisafisha kila siku kwa muda mrefu. Majipu ya taya ni mabaya zaidi, kwani mara nyingi mzizi wake ni jino. Meno ya sungura hayakomi kukua. Yale ya mbele huweza kurefuka zaidi ya sentimeta 10 kwa mwaka mmoja, na kinachoyapunguza ni kusaga majani yenye nyuzi mchana na usiku. Sungura anayelishwa makombo ya posho na mkate laini hana cha kusaga. Meno hupishana, hutoboa ulimi na mashavu, bakteria huingia katika vidonda hivyo, na mwenye mnyama huona tu kwamba anatokwa na udenda na kudondosha chakula.

Yako pia majeraha ya nyayo. Sungura hana ngozi nene chini ya mguu kama ile ya mbwa. Ana manyoya tu. Akikaa siku zote juu ya wavu wa waya, au juu ya saruji yenye unyevu, manyoya hulika, ngozi hupasuka, na bakteria wa Staphylococcus, wale wale wanaoleta majipu kwa binadamu, hujipenyeza mpaka wakaufikia mfupa. Askari aliyetembea mwendo mrefu na buti lisilomtosha hahitaji kuelezwa zaidi. Kipande cha ubao mkavu ndani ya banda, ambapo mnyama anaweza kupumzisha miguu yake, huzuia mateso hayo yote. Bakteria hao hao huweza kuingia katika chuchu za jike anayenyonyesha, matiti yakavimba, yakawa moto na mekundu, hatimaye ya buluu, na watoto wakafa kiotoni. Watoto hao wasihamishiwe kwa mama mwingine, kwa maana huenda na ugonjwa midomoni mwao.

Kuna ugonjwa mmoja ambao mwandishi anajua utazusha kicheko katika mesi. Sungura wana kaswende yao. Huletwa na kijidudu cha jamii moja na kile cha kaswende ya watu, huambukizwa wakati wa kupandana au kutoka kwa mama kwenda kwa wanawe, na huonekana kama magamba na vidonda katika sehemu za siri, midomoni na puani. Haimpati binadamu, kwa hiyo hakuna askari atakayeweza kumsingizia sungura mbele ya tabibu. Na ajabu ni kwamba tiba yake ni penisilini, ila kwa sindano inayodungwa na daktari wa mifugo chini ya ngozi, mara moja kwa juma kwa majuma matatu hivi, huku mnyama akilishwa majani kwa wingi ili tumbo lake lisitulie. Ikipita kwenye sindano, dawa haifiki utumboni kwa wingi ule unaoua. Ndiyo maana mwenye kusema kwamba penisilini ni sumu kwa sungura amesema nusu ya kweli tu, na mwenye kusema kwamba aliona daktari akiitumia asichukue ruhusa hiyo akaipeleka kinywani.

Kuhara kwa watoto wa sungura, hasa wanapoachishwa kunyonya wakiwa na umri wa majuma manne hadi kumi, huhitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa sababu zake ni nyingi na zinafanana. Mara nyingi si bakteria, bali ni vijidudu vya koksidia, vinavyotokana na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hivyo hutibiwa kwa dawa za salfa. Mara nyingine ni bakteria wa E. coli, au wale wale wa Clostridium, walioamshwa na chakula chenye wanga mwingi, yaani mahindi, mkate na maganda matamu, kilicholetwa ghafla kwa tumbo lililozoea majani. Mtu aliyeko nyumbani hawezi kutambua ni kipi kwa kutazama tu, lakini maabara inaweza, kwa kupokea kinyesi kidogo ndani ya kichupa safi. Wakati msaada unasubiriwa, aondolewe nafaka zote, awekewe nyasi kavu na maji safi, na banda lifagiliwe mara mbili kwa siku.

Masikio yenye magamba ya kahawia ni kazi ya utitiri, si ya bakteria, na hutibiwa kwa sindano ya ivamektini. Magamba yasing'olewe kwa kucha, kwani yanauma mno. Asipakwe dawa ya viroboto ya mbwa yenye fiproni, ambayo imekwisha kuua sungura wengi. Na wale walioko Moroto, Gulu au Arua wakumbuke kwamba sungura hatoki jasho, na joto likipita nyuzi 30 huanza kumlemea. Banda lililo chini ya bati bila kivuli cha mti laweza kumwua kati ya adhuhuri na alasiri, bila ugonjwa wowote.

Kuhusu majani, mwandishi ameona watoto wa kambini wakiwa mabingwa kuliko wazazi wao. Wanajua kwamba sungura hupenda kishona-nguo, majani ya viazi vitamu na nyasi changa. Wasichojua ni kuyaanika kidogo kivulini kwanza, hasa yakiwa yameloa mvua, na kutoyakata mahali mbwa wanapojisaidia wala palipopuliziwa dawa ya wadudu.

Sungura mgeni anayeletwa na askari aliyehamia asiingizwe bandani na wenyeji siku ile ile. Akae peke yake, mbali, kwa muda wa mwezi mmoja, alishwe wa mwisho, na anayemhudumia anawe mikono. Hata kruta mpya hupimwa na daktari kabla ya kupewa kitanda. Na mtoto akiumwa au kuparuzwa, jeraha lioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa kuwa baadhi ya bakteria tuliowataja huweza kuuvimbisha mkono wa mtu pia; likianza kuwa jekundu na kuuma, apelekwe zahanatini na tabibu aelezwe wazi kwamba ni sungura.

Limebaki jambo la zile kapsuli zenyewe. Kwa nini zilikuwamo sandukuni? Sajini alikiri kwamba kidonda chake kilipokauka siku ya tatu aliacha kumeza, akaziweka akiba. Fleming, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alikwisha kuonya kwamba mtu anayetumia penisilini kidogo kuliko inavyotakiwa huwafundisha bakteria kuistahimili. Leo hii madaktari wanapambana na bakteria waliofundishwa namna hiyo, katika mahospitali ya watu na katika mabanda ya wanyama vile vile. Unga ule uliogawanywa mafungu manne ulikuwa umemkosea sungura, na kabla ya hapo ulikuwa umemkosea askari mwenyewe.

Sajini alimjibu mwanawe kweli. Alimwambia, "Mwanangu, nilimpa dawa isiyo yake. Sikujua." Mtoto alinyamaza siku mbili, kisha akauliza ni dawa gani iliyo yake, na baba hakuwa na jibu, ndipo wakaenda pamoja kwa afisa wa mifugo siku ya mapumziko ya baba. Kapsuli zilizosalia walizirudisha zahanatini wakiwa njiani.

Mwezi uliofuata koplo jirani alimpa mtoto huyo sungura mwingine, dume wa kijivu mwenye umri wa miezi mitatu. Mtoto hakumpokea mara moja. Alimgeuza, akatazama manyoya ya ndani ya miguu ya mbele, akainua mdomo wa juu kukagua meno, akachungulia ndani ya masikio yote mawili, kisha akamwomba koplo amwonyeshe banda alikotoka. Koplo alicheka mpaka akashika ukuta. Mtoto alipiga magoti mbele ya banda, akaingiza uso, akavuta pumzi mara tatu.